Fundi wa Mita 12

Akitajwa mzamiaji, swali la kwanza la watu huwa amefika mita ngapi. Swali hilo linamfaa mtu anayezama kwa ajili ya nafsi yake. Lakini Nungwi, Kendwa na Matemwe, kaskazini mwa Unguja, wapo mafundi ambao sehemu kubwa ya kazi yao haivuki mita 12, na hao ndio walionifanya niiheshimu fani hii. Mita 12 ndicho kikomo cha mgeni anayezama mara ya kwanza bila cheti, akiwa mikononi mwa mwalimu. Mgeni huyo pengine ametua juzi, hajawahi kuogelea nje ya bwawa la hoteli, na wiki ijayo atakuwa ofisini kwake Milan au Warsaw. Katikati ya hayo anataka apumue chini ya bahari kwa dakika 40, aone kasa, kisha arudi ale chakula cha mchana. Anayemshusha na kumrudisha ni mwalimu wa kuzamia, mara nyingi kijana wa vijiji hivyo hivyo. Kazi yake ikienda sawasawa, mgeni hurudi kwao akiamini kwamba kuzama ni jambo jepesi.

Kazi huanza mgeni akiwa bado kitandani. Mwalimu anahesabu siku za mwezi, maana mwezi ndio unaomwambia bahari itakuwaje. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na maji yote hayo hupita katika milango ya miamba kwa muda wa saa 6 hivi. Siku za maji mafu tofauti hupungua na mkondo hulegea. Mkondo ambao mvuvi juu ya ngalawa hausikii unaweza kumtoa pumzi mgeni asiyejua kupiga mapezi. Tena maji yanapotoka hukokota mchanga na taka za maji mafupi, chini kukawa na ukungu. Yanapojaa huleta maji safi ya bahari kuu. Kisiwani Mafia wanalijua hilo vizuri: mlango wa Kinasi, unaoingia ghuba ya Chole, huzamiwa maji yakiwa yametulia au yakiwa yanaingia. Yanapotoka kwa kasi, mtu anaweza kusukumwa nje kwenye maji makubwa.

Zaidi ya mwezi kuna upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hukaza katikati ya mwaka, na kila mmoja una upande wake wa kuchafua. Boti nyingi za kaskazini mwa Unguja huelekea Mnemba, kisiwa kidogo kilichokodishwa kwa hoteli, ambacho mwamba wake umekuwa eneo la hifadhi ya bahari tangu 2002. Uzuri wa Mnemba ni kwamba mwamba wake una pande nyingi, na mara nyingi upo mmoja uliojikinga. Kuujua upande huo asubuhi ile, saa ile, ndiyo mazungumzo ya mwalimu na nahodha wakiwa bado ufukweni.

“Nahodha, maji yanasemaje?”

“Bado yanatoka. Tukienda upande wa Kichwani sasa hivi tutapigwa. Subiri yatulie, mwalimu.”

Na wanasubiri. Wageni huambiwa boti inaongezwa mafuta, au huletewa chai, au hufundishwa jambo ambalo wangefundishwa baadaye. Hakuna anayehisi kwamba amecheleweshwa.

Wakati huo huo mwalimu anakagua vifaa. Anafungua mtungi, anasikiliza, ananusa hewa yake, maana kompresa iliyochoka hutia harufu ya mafuta. Kisha anavuta pumzi kadhaa huku jicho liko kwenye mshale wa kipimo. Mshale ukishuka kila anapovuta na kupanda anapoacha, vali haijafunguka sawasawa. Ndani ya mtungi mna hewa hii hii ya barazani, ila imeshindiliwa. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi bar 200 hubeba lita 2,400. Mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika angekaa nao saa 2 juu ya maji. Akiwa mita 10 chini, ambako mgandamizo ni mara mbili, hewa hiyo ni ya saa 1. Mita 20, ni ya dakika 40. Bar 50 za mwisho haziguswi, ni akiba ya kurudia. Mwenye hofu hupumua haraka na kuimaliza mapema zaidi, na mwalimu lazima awe ameshakisia, kabla boti haijang'oa nanga, nani katika kundi lake atatangulia kuishiwa.

Kipumulio chenyewe kina historia inayopendeza. Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, afisa wa jeshi la majini Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walikamilisha kifaa kinachompa mzamiaji hewa pale tu anapovuta, kwa mgandamizo ulio sawa na wa maji yanayomzunguka. Gagnan alikuwa ameunda vali ya kuendeshea magari kwa gesi, kwa kuwa petroli ilikuwa imeadimika. Vali ya gari la wakati wa dhiki ndiyo iliyofungua mlango ambao leo mtalii anaupitia akiwa likizoni.

Baada ya vifaa, watu. Mwalimu humtazama kila mgeni mara moja, kisha anachagua vipande vya risasi vya mkanda wake. Mwenye mafuta mwilini huelea kuliko mwenye misuli, na suti ya mpira nayo huelea, ikiwa mpya zaidi ya kuukuu. Kilo moja ikizidi, mgeni atakuwa anakwaruza matumbawe. Ikipungua, atapanda bila kutaka. Wapo walimu wanaopatia kwa jicho tu, na wanapokosea ni kwa kipande kimoja. Maski nayo huvaliwa usoni kwa mkono wa mwalimu: anapitisha kidole pembeni, anautoa unywele mmoja ulionaswa chini ya mpira, maana unywele huo utapitisha maji, na maji puani ndiyo hofu ya kwanza ya mgeni. Mwenye masharubu anaonywa mapema.

Kisha maswali. Una pumu? Moyo? Una mimba? Unaruka lini? Mgeni huona swali la mwisho ni la adabu tu, lakini limebeba uzito. Aliyezama mara kadhaa anatakiwa apumzike angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege; aliyezama mara moja, saa 12. Msafiri aliyepanga kuzama asubuhi na jioni kupaa kwenda mbugani, au kulala ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupangiwa siku nyingine, au huambiwa waziwazi kwamba haiwezekani. Huku akiuliza, mwalimu anaisikiliza sauti kuliko majibu. Anayetania kupita kiasi na aliyenyamaza kabisa, wote wawili anawaweka karibu naye.

Somo lenyewe hufanyika kwenye maji ya kiuno au ya kifua. Vitu ni vichache: kukitoa kipumulio mdomoni na kukirudisha, kukitafuta kikipotea, na kuyatoa maji yaliyoingia kwenye maski kwa kutoa pumzi kupitia puani. Mwalimu hufanya kila kitu polepole kuliko inavyohitajika, mikono yake ikipita mbele ya macho ya mgeni bila kukatika ghafla. Akirukia, mgeni naye atarukia. Zipo pia ishara za mikono. Kidole gumba juu, ambacho mtaani ni “poa”, chini ya maji ni “tupande sasa”. Mgeni anayefurahi na kuinua gumba atajikuta anapandishwa, kwa hiyo anafundishwa duara la gumba na shahada liwe ndiyo “sawa” yake.

Kati ya yote, kanuni moja hurudiwa hadi mgeni achoke kuisikia: usizuie pumzi kamwe. Hapa ndipo ufundi wa vijana wa pwani unaponishangaza zaidi, kwa sababu wengi wao walijifunza bahari kwa kufanya kinyume. Walikua wakizamia pweza kwa pumzi moja, na sifa ya mtoto kati ya wenzake ilikuwa ni muda anaoweza kuibana. Mzamiaji wa namna hiyo akishuka mita 10, hewa aliyoondoka nayo juu hunywea ikawa nusu. Akipanda, hurudi kiasi kile kile. Mapafu yake hayajapewa zaidi ya yalichokuja nacho. Mwenye mtungi anajaza mapafu huko huko chini, kwa hewa iliyobanwa. Akiiziba akiwa mita 10 na kupanda hadi juu, hewa hiyo hudai nafasi mara mbili, na kifua hakina nafasi hiyo. Hata mita chache zinatosha kumjeruhi. Robert Boyle aliuandika uhusiano huo wa hewa na mgandamizo mwaka 1662. Kijana wa Nungwi anausoma kitabuni kwa siku moja, lakini kuuondoa mwilini mwake utoto mzima wa kubana pumzi ni kazi ya muda mrefu. Akishaimaliza, anakuwa na kitu ambacho mwalimu aliyeanzia bwawani hana: anajua kwa mwili wake mwenyewe kwa nini mgeni aliyeshtuka hubana pumzi, na anaiona dalili yake mapema, mapovu yanapokatika.

Kushuka kunaonekana ni jambo dogo. Kuna kamba ya boya, mgeni anaishika, miguu inatangulia. Lakini hizi mita chache za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Kutoka juu hadi mita 10, hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio hunywea hadi nusu. Kutoka mita 10 hadi 20, hutoka nusu ikawa theluthi tu. Vurugu yote iko kwenye maji mafupi. Mgeni hubana pua na kupuliza taratibu ili hewa ipenye masikioni, mbinu inayobeba jina la tabibu Mwitaliano Antonio Maria Valsalva, aliyefariki 1723. Wapo ambao masikio yao hufunguka mara moja, na wapo wanaohitaji kusimama kila nusu mita. Mwalimu mzuri hamvuti mtu chini. Anapanda naye kidogo, anangoja, anashuka naye tena, macho yao yakiwa usawa mmoja. Ikibidi, nusu ya hewa ya siku hiyo itatumika hapo kwenye kamba, na hatamwonyesha mgeni kwamba muda unakwenda.

Wakishafika, mwalimu huteleza nyuma na juu kidogo ya mgeni na kuushika mtungi wake karibu na vali. Kwa mkono huo mmoja anamwongoza. Akiona anazama, anaongeza hewa kidogo kwenye jaketi lake la kuelea. Akiona anapaa, anaipunguza. Anamgeuza kwa shinikizo la vidole viwili. Mgeni humwambia mkewe jioni kwamba aliweza kuelea mwenyewe, na hakuna atakayemkatalia. Baada ya dakika kadhaa mkono ule unalegea, kisha unaachia kabisa, na kweli mgeni anaelea: akivuta pumzi anapanda shubiri, akiitoa anashuka. Ameshajifunza kwa mapafu yake jambo ambalo maneno yasingemfundisha.

Chini yao kuna sababu nyingine ya mkono huo. Tumbawe la mviringo hukua kila upande kwa kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwaka, kwa hiyo lenye kipenyo cha mita 2 lina umri wa karibu karne. Pezi moja lisilotulia laweza kuvunja kwa sekunde matawi yaliyochukua miaka. Miamba ya Afrika Mashariki ilipata pigo kubwa 1998, joto la bahari lilipopanda na matumbawe yakapauka na kufa kwa wingi; yakapauka tena 2016. Mwalimu anayerudi mwamba ule ule wiki baada ya wiki huyajua matumbawe moja moja, lipi limechipua, lipi limevunjwa na nanga. Mwenyewe hupiga mapezi kwa kuyafungua pembeni, bila kuyapigisha chini, na mchanga haurushwi.

Halafu kuna jicho. Maji huinywa rangi nyekundu kwanza. Mita chache tu chini huanza kufifia, na kadiri unavyoshuka samaki mwekundu huzidi kuonekana mweusi. Mwalimu anawasha tochi na rangi inarudi mahali pale inapomulika. Maski hukuza vitu kwa karibu theluthi, ndiyo maana wageni husimulia papa wakubwa kuliko waliopo. Sauti husafiri majini zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, hivyo mwalimu akigonga mtungi kwa chuma kila mtu anasikia na hakuna anayejua inatoka wapi; wageni huzunguka wote, kila mmoja na upande wake, naye anangoja macho yamfikie.

Na anachoonyesha mara nyingi ni kile ambacho wageni wameshakipita. Pweza ndiye mtihani. Mgeni anaona mwamba. Mwalimu aliyekua akiwinda pweza hamtafuti pweza. Anatafuta maganda ya kaa na makombe yaliyorundikwa mlangoni mwa tundu, maana pweza hula nyumbani na kutupa nje. Elimu iliyokuwa ya kitoweo imegeuka kuwa elimu ya kuonyesha, na tofauti yake ni kwamba pweza huyo atakuwepo kesho. Mkunga anapochomoza kichwa akifungua na kufunga kinywa, wageni hurudi nyuma. Mwalimu huwatuliza kwa kiganja, kwa kuwa samaki huyo anapitisha maji kwenye matamvua yake tu, ndivyo anavyopumua. Akija kasa au ng'amba, mwalimu huwatandaza wageni upande mmoja na kuacha njia ya juu wazi. Kasa naye ni mvuta hewa. Akizingirwa, mapafu yake yako mashakani kabla ya yetu.

Huku yote yakiendelea, mwalimu anahesabu. Hangoji mgeni akumbuke hewa yake, anauliza yeye kila baada ya dakika chache, kwa vidole viwili kwenye kiganja, na jibu halimshangazi kwa sababu ameshalikisia kwa kutazama mapovu. Anayetumia haraka hupandishwa kidogo, mahali ambapo hewa hudumu zaidi na pana mwanga zaidi, naye hudhani amepelekwa kuona kitu kizuri. Kwa kawaida kitu kizuri kipo.

Kupanda ndiko kunakohitaji subira kubwa, maana kila mtu ameshaona alichokuja kuona. Naitrojeni iliyo katika hewa ya mtungi huingia kwenye damu na nyama kwa mgandamizo. Ukipanda polepole hutoka kwa njia ya mapafu, ukipanda haraka hufanya mapovu mwilini, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa kwa pupa. Mtaalamu wa Uingereza John Scott Haldane aliwachunguza mbuzi ndani ya chumba cha mgandamizo, na mwaka 1908 akatoa majedwali ya kwanza ya kumpandisha mzamiaji salama. Kanuni ya leo kwa wageni ni nyepesi: usizidi mita 9 kwa dakika, na simama mita 5 kwa dakika 3. Mzamo mmoja wa mita 12 ni mara chache kufika kwenye hatari hiyo, lakini mwalimu husimama vile vile, kwa sababu anayeruka hatua siku nyepesi ataisahau siku nzito. Pwani hii inao wazamiaji wa majongoo bahari walioumia viungo kwa kushuka na mitungi mara nyingi mno, bila mtu wa kuwaeleza habari ya naitrojeni. Kila mwalimu kijijini anawajua kwa majina. Dakika 3 zake zina watu ndani yake.

Juu, mgeni huzungumza bila kukoma. Mwalimu humvua mtungi, humpa maji ya kunywa na nanasi lililokatwa, na kumsikiliza akisimulia kasa ambaye yeye ameshamwona mara mia. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi, na naidhani ndiyo inayoonyesha tabia ya mtu. Saa moja baadaye atasuuza vifaa kwa maji baridi, atavianika kivulini, atajaza mitungi upya. Wengi wao hulipwa kwa idadi ya wageni, na msimu wa masika, hoteli zinapofunga, wengine hurudi kwenye uvuvi.

Ndiyo maana msafiri anayechagua wa kumshusha asivutiwe sana na picha za ukutani wala idadi ya vyeti, ingawa cheti ni lazima na akiulizie. Amuulize mwalimu jambo moja: mara ya mwisho alirudisha boti lini kwa sababu ya bahari, akakosa malipo ya siku hiyo? Asiyekumbuka, au anayesema haijawahi kutokea, huyo bahari haijamfundisha bado. Atakayetaja siku, upepo uliokuwa ukivuma, na mgeni aliyekasirika siku hiyo, alipwe bei anayotaka. Anachouza ni uamuzi huo, na mita 12 za maji ni mahali pa kuutumia.